Toeni blanketi kwenye kiki

Karibu kila kanisa la hapa Mbeya lenye seti ya dramu, ukiinama na kuchungulia kwenye tundu la ngozi ya mbele ya kiki, ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, utakuta blanketi. Pengine ni mto wa kulalia, pengine ni majoho ya kwaya yaliyochakaa. Kuna ukumbi mmoja Iringa nilikuta godoro la mtoto limekunjwa na kushindiliwa humo mpaka limegusa ngozi ya nyuma. Mimi napiga dramu tangu nikiwa kidato cha pili: Jumapili kanisani, Jumamosi na bendi yetu ya roki, na siku za kazi ni fundi wa kuchomelea pale SIDO, Mwanjelwa. Leo naandika juu ya mtu aliyenifundisha kulitoa blanketi hilo. Hakuwahi kuniona wala mimi kumwona, maana alifariki kabla sijazaliwa. Ni John Bonham, mpiga dramu wa Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza.

Siwalaumu waliolitia. Kumbi zetu nyingi ni tofali, sakafu ya saruji, na bati juu bila dari. Mlio wa kiki tupu ukiachiwa humo unazunguka mpaka unakutana na pigo linalofuata. Fundi mitambo naye ana maiki moja ya ziada, anaitumbukiza kwenye tundu, na anachotaka ni mlio mfupi, mkavu, usiomsumbua kwenye mikisa. Halafu kuna sebene. Pambio likishika moto, mguu ukaanza kutembea kwenye kila pigo, moja mbili tatu nne bila kupumua, mlio mrefu hauna nafasi. Mapigo yanapandana na hakuna linalosikika. Kwa sebene kiki kavu inafaa, na mimi mwenyewe naipiga hivyo.

Shida ni kwamba tumeifanya sheria ya muziki wote. Kijana anapiga dramu miaka na miaka na hajasikia hata siku moja jinsi kiki yake inavyolia yenyewe. Analijua blanketi tu. Kisha ananitumia video ya Led Zeppelin na kuniuliza: kaka, huyu alikuwa anatumia mtambo gani kupata mlio huu? Namjibu kwamba kabla ya mtambo wowote, ndani ya ngoma ile mlikuwa na hewa.

Bonham alizaliwa Redditch, Uingereza, tarehe 31 Mei 1948. Baba yake alikuwa seremala na mjenzi, na kijana alipomaliza shule akaingia kwenye kazi hiyo hiyo ya baba. Akiwa na miaka mitano alikuwa akipigia makopo. Mama yake alimpa sneya, ile ngoma fupi yenye nyaya chini inayolia kwa ukali, alipofika miaka kumi, na seti kamili ya kwanza, aina ya Premier, akaipata kwa baba akiwa na 15. Hakuna mwalimu aliyemkalisha darasani. Aliwaendea wapiga dramu wa mji wake akawauliza maswali. Mtu aliyejua kushika randa na msumeno, akajifunza ngoma kwa kuwauliza watu, mimi naelewana naye bila mkalimani.

Mwaka 1968 mpiga gitaa Jimmy Page alikuwa akikusanya bendi mpya, ndiyo Led Zeppelin. Alimpata mwimbaji Robert Plant, na Plant ndiye aliyemtaja Bonham, kwa kuwa walishapiga pamoja kwenye bendi ya Band of Joy. Akiwemo John Paul Jones kwenye gitaa la besi na kinanda, wakawa wanne, na hawakubadilika mpaka Bonham alipofariki tarehe 25 Septemba 1980. Alikuwa na miaka 32. Desemba ya mwaka huo wenzake walitangaza kwamba bila yeye hawaendelei. Bendi ngapi hufanya hivyo kwa ajili ya mpiga dramu?

Sasa vyombo, maana najua wengi mmekuja kwa ajili ya hivi.

Seti zake maarufu zote ni Ludwig, za kiwanda cha Chicago. Carmine Appice, mpiga dramu wa bendi ya Vanilla Fudge, ndiye aliyemwombea kwa Ludwig wakati Led Zeppelin wakizunguka Marekani mara ya kwanza. Rangi na malighafi zilibadilika kadiri miaka ilivyokwenda: mti wa mepo, kisha ya kijani yenye kumetameta, kisha ile ya plastiki ya rangi ya kaharabu aliyoipiga Madison Square Garden, New York, mwaka 1973, na kuanzia 1977 seti ya chuma kisichoshika kutu. Hiyo ya mwisho tutairudia. Vipimo havikubadilika sana. Mbele tomu moja tu, ngoma isiyo na nyaya, ya inchi 14. Chini kulia floo tomu mbili, yaani tomu za kusimama sakafuni, inchi 16 na 18. Sneya ya alumini ya kipenyo cha inchi 14 na kina cha inchi 6 na nusu, ile ambayo Ludwig wanaiita Supraphonic. Pedali ya Speed King. Matoazi ya Paiste, haihati, yale mawili yanayogonganishwa kwa mguu, za inchi 15, na raidi, toazi kubwa la kushika mpigo, ya inchi 24. Nyuma yake gongi, sahani kubwa ya chuma ya kutundika. Na kiki ilikuwa moja, ya inchi 26.

Simama kidogo kwenye hiyo 26. Kiki za hapa kwetu karibu zote ni 22. Kwa kutazama ni tofauti ya inchi nne, lakini piga hesabu ya duara: ngozi ya 26 inaizidi ya 22 kwa karibu asilimia 40. Ngozi ya ukubwa huo inashuka chini sana hata ukiikaza. Watu wengi wanadhani Bonham alilegeza ngozi zake ili zitoe mlio mzito. Alizikaza. Uzito ulitoka kwenye ukubwa wa ngoma, na mkazo ukampa vitu viwili ambavyo ngozi iliyolegea haina: mlio unaoendelea baada ya pigo, na kijiti au nyundo ya pedali inayorudi haraka. Mguu wake ulikuwa na kasi kwa sababu ngozi ilikuwa inaurudisha. Ukilegeza ngozi na kuisukumia blanketi kwa nyuma, nyundo inazama, na kila pigo unaliinua kwa msuli wako mwenyewe. Ndipo unapowaona vijana wanamaliza ibada wamejaa jasho, miguu inatetemeka, na waumini wa viti vya nyuma hawakusikia kitu.

Ngozi zake zilikuwa mbili, ya nyuma na ya mbele, na ya mbele nzima, bila tundu. Hewa ikisukumwa na ngozi ya nyuma inaisukuma ya mbele, ya mbele inairudisha, na pipa lote linaingia kazini. Kuijazia nguo ni kumziba mtu mdomo halafu ukamwomba aimbe.

Kuna nyumba moja inaitwa Headley Grange, katika mkoa wa Hampshire, iliyojengwa mwaka 1795 iwe makao ya maskini. Led Zeppelin walihamia humo kutengeneza albamu yao ya nne, iliyotoka Novemba 1971. Kulikuwa na ukumbi wa kuingilia, mrefu kwenda juu, wenye ngazi zinazopanda ghorofa hadi ghorofa. Wakaiweka dramu chini kwenye ukumbi, na fundi wao wa kurekodi, Andy Johns, akatundika maiki mbili za Beyerdynamic juu kwenye ngazi, mbali kabisa na ngoma. Hakuchomeka maiki ndani ya kiki. Hivyo ndivyo ulivyopatikana mdundo wa When the Levee Breaks, wimbo ambao Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie waliurekodi mara ya kwanza mwaka 1929 kuhusu mafuriko ya mto Mississippi. Kwenye ule mdundo kuna ngoma, lakini kuna pia kuta, ngazi na dari. Miaka 15 baadaye kundi la rap la Beastie Boys waliukata na kuuweka kwenye wimbo wao, na mpaka leo watengenezaji wa muziki wanaukata.

Niliposoma habari ya nyumba hiyo nilikwenda kusimama katikati ya ukumbi wetu siku ya kazi, hakuna mtu, nikapiga makofi. Saruji, tofali, bati. Tumekuwa tukiuona ukumbi kama adui wa dramu. Yule bwana aliuona kama sehemu ya ngoma.

Lakini nisiwafanye muamini kwamba ni vipimo tu. Mtu anaweza kununua seti yote ile, ngozi zile zile na pedali ile ile, asitoe hata robo ya Bonham. Namna alivyopiga ndiyo yenye mengi.

Watu humsifia nguvu. Kweli alikuwa na nguvu. Ila ukisikiliza vizuri, kati ya pigo kubwa na pigo kubwa la sneya kuna vipigo vidogo, vya chini chini, mkono wa kushoto ukigusa tu. Hivyo ndivyo vinavyofanya lile kubwa lionekane kubwa. Anayepiga kila kitu kwa nguvu hana pigo kubwa, ana kelele za kimo kimoja. Jambo la pili, alikuwa akichelewa kidogo, chembe ya wakati, pigo la sneya linaanguka nyuma ya pale unapolitarajia, na bendi nzima inaonekana nzito. Jambo la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote: hakumfuata mpiga gitaa la besi kama tulivyofundishwa sote. Alimfuata Page. Gitaa likisema neno, kiki inasema neno hilo hilo. Ndiyo maana nyimbo zao zinasikika kama zimejengwa kwa jiwe moja.

Kisha mapigo matatu matatu. Mkono wa kulia, wa kushoto, mguu; kulia, kushoto, mguu; akizungusha kwenye tomu zote kwa kasi mpaka usijue lipi ni la mkono na lipi la mguu. Kwenye wimbo wa kwanza wa albamu yao ya kwanza, Good Times Bad Times, mguu wake unaruka mapigo ambayo wapiga dramu waliyasikia wakaamini ana kiki mbili. Ni moja, pedali moja, mguu mmoja.

Huo uzungushaji haukuzaliwa kwenye roki. Ulitoka kwenye jazi. Bonham aliwapenda Gene Krupa, Buddy Rich na Max Roach. Alipokuwa peke yake jukwaani kwenye wimbo wao Moby Dick alitupa vijiti akapiga kwa viganja na vidole, jambo ambalo Joe Morello wa kundi la Dave Brubeck alikuwa akilifanya kabla yake. Ule mwanzo wa dramu wa wimbo wao Rock and Roll umetoka moja kwa moja kwa Charles Connor, aliyempigia Little Richard, mwimbaji Mmarekani mweusi, kwenye Keep A-Knockin' mwaka 1957. Na Fool in the Rain ya 1979 inasimama juu ya mdundo wa Bernard Purdie, Mmarekani mweusi aliyepiga kwenye rekodi nyingi za soul. Hesabu walimu hao uone ni wangapi kati yao ni weusi. Kijana akiniambia roki ni muziki wa Wazungu, usiotuhusu, namwekea Little Richard kwanza, Led Zeppelin baadaye, namwacha asikilize.

Au namwekea Wazambia. Roki mimi sikuipata kwa Waingereza. Niliipata kwa mjomba wangu aliyekuwa fundi wa injini TAZARA. Treni ilikuwa ikimpeleka Kapiri Mposhi na kumrudisha Mbeya, na kila akirudi alikuwa na kaseti mfukoni zilizorekodiwa na mtu huko Kabwe au Kitwe, majina yameandikwa kwa kalamu ya wino pembeni. WITCH. Ngozi Family. Amanaz. Rikki Ililonga. Vijana wa Zambia wa miaka ya 1970 waliosikia Jimi Hendrix, Black Sabbath na Deep Purple, wakanunua magitaa yanayokoroma, wakapiga roki yao wenyewe, ambayo leo dunia inaiita Zamrock. Mpiga dramu wa WITCH alikuwa Boidi Sinkala. Kwenye Ngozi Family kulikuwa na Chrissy Zebby Tembo, aliyepiga dramu na kuimba, na mwaka 1974 akatoa albamu yake, My Ancestors. Sikiliza dramu za albamu ile. Vyombo vyao havikuwa vya bei, rekodi imekwaruza, lakini kiki iko wazi, inapumua. Hapa Tanzania nao Sunburst wa Dar es Salaam walishika njia hiyo, wakaenda kurekodi albamu yao ya Ave Africa huko huko Zambia. Kutoka Mbeya hadi Tunduma ni safari ya asubuhi moja. Muziki huu ulikuwa jirani yetu tangu zamani.

Upande wa pili wa moja ya kaseti za mjomba kulikuwa na Led Zeppelin, bila jina. Tuliwadhania Wazambia.

Ila kuna jambo jingine, na hili nalieleza kwa watu wachache. Baba yangu ni wa Manda, Ludewa, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Likizo tulikuwa tunapelekwa huko kwa babu, na babu alikuwa mpiga ngoma kubwa ya mganda. Msioijua, mganda ni ngoma ya wanaume wa ukanda ule wa ziwa. Ilitokana na bendi za kijeshi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia: wanajipanga safu kama askari, wamevaa nadhifu, wanatembea kwa hatua moja, wanapuliza vibuyu vyenye utando unaotetemesha sauti. Na katikati kuna ngoma kubwa, imewambwa ngozi pande mbili, ndani tupu.

Babu hakuwa anapiga mengi. Vijana wa ngoma ndogo ndio waliokuwa na shughuli. Yeye aliliweka pigo lake, akaliacha liende mpaka kwenye mitumbwi, ndipo akaweka jingine. Kabla ya kuanza aliisogeza ngoma kwenye moto wa mabua, akaizungusha, akagonga kwa kidole, akasikiliza, akairudisha tena motoni. Nilimwuliza mbona anaikaza wakati anataka sauti ya chini. Akasema, "Iliyolala haisemi, mjukuu wangu." Miaka mingi baadaye nikawa nasoma jinsi Bonham alivyokaza ngozi za kiki yake ya 26, na sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Basi nikaamua kutengeneza kiki ya inchi 26.

Kuagiza ya Ludwig kutoka nje ni jambo lisilo kwenye uwezo wangu, na sikuliona la lazima. Si Bonham mwenyewe alipiga seti ya chuma? Chuma ndiyo kazi yangu. Nilinunua bati la milimita moja na nusu, lile la futi nane kwa nne. Kipenyo cha inchi 26 ni sentimita 66, na mzunguko wake unakaribia sentimita 208. Futi nane ni sentimita 244, kwa hiyo pipa zima linatoka kwenye bati moja bila kuunga mara mbili. Kina nilikipa inchi 14 kama cha kwake. Kipenyo cha pipa lazima kiwe pungufu kidogo ya inchi 26 kamili, milimita tatu hivi, vinginevyo ngozi haiingii au inaingia na kukwama upande mmoja. Tulilipitisha kwenye rola taratibu, likakunjika, nikaunga mshono kwa vidoti kwanza, nikapima duara kwa kamba kutoka pande nne, kisha nikachomelea moja kwa moja na kuusaga mshono kwa grainda mpaka kidole kikipita hakihisi kitu.

Ukingo ndiyo roho ya ngoma. Ngozi inakaa juu ya ukingo tu, haigusi pengine. Bati la milimita moja na nusu lingekuwa kama wembe, kwa hiyo nilizungusha nondo laini ya milimita sita kwenye midomo yote miwili, nikaichomelea kwa ndani, nikasaga, nikapiga msasa mkavu, kisha msasa wa maji. Halafu nikageuza pipa juu ya kioo cha meza, taa ikawaka ndani, nikazima taa ya karakana. Mahali mwanga unapopenya ndipo pa kusaga tena. Kazi hiyo haina haraka. Wateja wa mageti walisubiri, Mungu awabariki.

Sehemu za kukazia niliweka kumi kila upande, bolti zenye ndoano zinazoshika ringi. Ringi nimezikunja kwa flati ba. Pipa tupu, kabla ya ringi na bolti, lina karibu kilo 9. Kulibeba kwenye bajaji kutoka Mwanjelwa mpaka Isanga kunahitaji mtu wa pili.

Ngozi ndiyo iliyonipa taabu ya kutafuta. Maduka yana 22, mara chache 24. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu kila Pasaka: matarumbeta. Bendi za matarumbeta za makanisa yetu zina ile ngoma kubwa inayobebwa kifuani, na ngozi yake inapatikana kwa inchi 26. Mzee mmoja anayetunza vyombo vya matarumbeta alinielekeza zinakoagizwa Dar es Salaam. Nilipompelekea asante yangu ya kilo mbili za sukari akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana, "lakini niletee nisikie hiyo ngoma."

Namna ninavyoikaza: kwanza ngozi zote mbili kwa vidole tu, mpaka mikunjo iondoke. Kisha ufunguo, bolti moja na ya mkabala wake, nusu mzunguko kila moja, kamwe si kwa kufuatana. Ya mbele naipandisha zaidi ya ya nyuma. Nikigonga karibu na kila bolti, milio lazima ilingane. Ikipishana, ngoma inayumba na watu husingizia chumba. Ndani siweki kitu. Kati ya ngozi ya nyuma na ukingo nimepitisha ukanda wa kitambaa kizito uliotoka kwenye koti la baridi, upana wa vidole vitatu, unakatiza ngozi kutoka juu mpaka chini. Ni ujanja wa zamani sana wa wapiga dramu, kabla ya mito na mablanketi. Unapunguza mluzi, unaiacha hewa ifanye kazi. Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikishuka, nakagua mkazo kabla ya kila ibada, maana asubuhi chuma kile ni baridi hata kukishika, na mlio wa jioni si wa asubuhi.

Siku nilipoiingiza ukumbini, mwalimu wetu wa kwaya alikuwa ameketi kwenye kinanda. Nilimwamkia shikamoo, nikafunga pedali, nikapiga pigo moja. Akavua miwani.

"Marahaba. Mwanangu, ngoma ikivuma sana hupasuka."

"Mwalimu, hii haijapigwa kwa nguvu. Nimegusa tu."

"Basi usiguse wakati wa sala."

Tulibishana kwa heshima, siku kadhaa. Hoja yake ilikuwa ya kweli: kwenye mapambio ya haraka kiki hii inamfunika mpiga besi. Tulikubaliana kwamba sebene ipigwe kwa kiki ya zamani, ya 22, na nyimbo za taratibu, zile za kuabudu zenye nafasi kubwa kati ya pigo na pigo, zipigwe kwa 26. Fundi mitambo nilimwomba aitoe maiki kwenye ngoma, aiweke hatua tatu mbele yangu, juu ya kimo cha mtu. Alikataa, akajaribu, akaiacha pale pale. Sasa ukikaa kiti cha mwisho unasikia kiki na unasikia ukumbi, na kwaya inaimba juu yake bila kupiga kelele. Mzee wa matarumbeta alikuja siku ya ibada ya jioni, akasimama mlangoni nyimbo mbili nzima, akaja kunishika mkono na hakusema kitu juu ya sukari.

Bendi yetu ya Jumamosi ni habari nyingine. Huko 26 inapigwa usiku kucha, na mpiga besi wetu, anayempenda Ginger Baker, mpiga dramu Mwingereza wa bendi ya Cream, kuliko mtu yeyote aliyewahi kushika vijiti, bado ananisukuma nitengeneze kiki ya pili. Baker alipiga mbili. Namheshimu sana Baker: alihamia Lagos mwanzoni mwa miaka ya 1970, akafungua studio, akapiga na Fela Kuti, akakaa mbele ya Tony Allen, mpiga dramu wa Fela, kama mtu anayetaka kujifunza. Lakini sitengenezi ya pili. Nataka kwanza nijue yote yanayoweza kutoka kwenye moja.

Vijana wanaokuja karakana jioni kujifunza nao huanza kwa kuomba pedali pacha. Siwapi. Nawapa zoezi moja, nanyi mnaweza kulijaribu hata bila dramu, kwenye kiti na sakafu. Weka mpigo wa saa, mmoja kwa sekunde. Ndani ya kila sekunde weka matatu yaliyolingana: kulia, kushoto, mguu. Mikono iwe laini, mguu usizidi mikono kwa sauti. Ukiweza kukaa hapo dakika tano bila kukimbia, hamisha: anza na mguu, kisha kulia, kushoto. Halafu anza na kushoto. Ni mapigo yale yale, lakini uzito unahama, na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Usiongeze kasi mpaka yote matatu yasikike sawa. Kuna binti mmoja wa Uyole amekaa kwenye zoezi hili tangu mvua za masika, kwa sekunde ile ile, na wiki iliyopita nilimsikia akiwa nje ya karakana nikadhani ni rekodi. Yeye ndiye atakayepiga 26 Krismasi hii, mimi nitashika tambourini. Kabla ya hapo nina bati la floo tomu ya inchi 18 la kukata.